Vanishi imebambuka na mguu wa benchi unaoza: nifanyeje na samani zangu za bustani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Uyole, Mbeya. Kiangazi kilichopita nilitengenezewa meza ya bustani na mabenchi mawili ya paini, yakapigwa vanishi koti tatu hadi yakawa yanang'aa. Mvua zimepita, na sasa vanishi inabambuka vipande vipande, chini yake mbao imekuwa nyeusi, na mguu mmoja wa benchi nikiubonyeza kidole kinaingia. Nina pia benchi la zamani la mninga aliloniachia marehemu mume wangu. Hilo limegeuka kijivu. Jirani anasema nipake oili chafu, mwanangu anasema mafuta ya alizeti yanatosha, na fundi aliyetengeneza anataka kurudia vanishi, safari hii koti tano. Nimsikilize nani? Na mvua zikianza tena, nifunike kwa turubai?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Katika hao watatu usimsikilize hata mmoja, na huyo wa koti tano ndiye wa kumkwepa zaidi, maana atakula hela yako halafu mwakani mtarudi palepale. Benchi la mzee liache kwanza, haliumwi. Penye kazi ni kwenye paini, na kazi inaanzia miguuni, si juu ya meza panapokuudhi macho.

Nikueleze kilichotokea, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kuniuliza tena kuhusu kila kopo utakaloliona dukani. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji. Maji yaliyomo ndani ya mbao yakiwa chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, hawaoti. Benchi linalonyeshewa jioni na kukauka kesho yake mchana linaweza kuishi miaka mingi bila kupakwa chochote. Linalooza ni lile ambalo maji yakishaingia hayana pa kutokea, likakaa mbichi toka Novemba hadi Aprili. Vanishi yako imefanya hivyo hasa. Paini hunywa maji na kutanuka mvua zikija, kisha hunywea kiangazi kikikolea, na vanishi iliyokauka ikawa ngumu haiwezi kuifuata. Inapasuka, nyufa nyingine huzioni kwa macho, maji yanapenya, na vanishi ileile iliyobaki nzima inayazuia yasitoke. Ni sawa na kuvaa koti la mvua lililochanika mgongoni: umelowa, na koti linakufanya usikauke.

Kuna na jua. Watu wa kwetu huwa tunadhani baridi ya Uyole inamaanisha jua lake ni la upole. Mbeya iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 ile miale ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Miale hiyo hupita kwenye vanishi isiyo na rangi kama vile haipo, ikifika kwenye mbao inavunja ule utomvu mgumu unaogandisha nyuzi pamoja, na vanishi inajikuta imeshika vumbi badala ya mbao. Ndiyo maana inabambuka vipande vikubwa, tena upande wa juu unaotazama jua kuliko ubavuni. Koti tano zitachelewesha hilo kwa mvua moja, pengine. Halafu utakuwa na koti tano za kukwangua.

Sasa miguu.

Chukua bisibisi, geuza benchi na meza vichwa chini, uchome kila mguu kwa ncha, kuanzia kisiginoni kwenda juu. Mbao nzima inakataa na kutoa mlio mkavu. Mbao iliyooza inaipokea bisibisi kimya kimya. Huo mguu uliouona usiujaze gundi na unga wa mbao, hata kama fundi atakuambia "hautaonekana". Ukate mpaka ufike kwenye mbao nzima, na uzidishe sentimita 2 au 3 hapo, kwa sababu kuvu huwa wametangulia mbele ya pale unapopaona. Kama benchi linavumilia kupungua kimo, kata na miguu mingine iwe sawa. Mabenchi mengi ya mafundi wetu ni marefu mno hata hivyo. Kama halivumilii, fundi aunge kipande kipya kwa kukichonga mshazari, si kwa kukigongea misumari chini.

Kisigino cha mguu ndipo mlango mkuu wa maji. Nyuzi za mti ni mirija iliyokuwa ikipandisha maji toka mizizini, na ukikata mbao unaiacha mirija hiyo wazi. Ncha iliyokatwa hunywa maji mara nyingi zaidi kuliko ubavu, na fundi wako, kama wengi, alipiga vanishi pande zote zinazoonekana akaacha visigino vitupu. Kwa hiyo ukishakata, simamisha kila mguu usiku kucha ndani ya kopo lenye dawa ya mbao kina cha sentimita 3 hivi, mbao ijinywee yenyewe. Dukani usiombe "dawa ya mchwa" tu, kwa sababu nyingi ya hizo huua wadudu na kuwaacha kuvu. Omba dawa ya mbao za nje inayozuia vyote viwili. Zenye shaba zinafaa kwa mguu unaogusa chini. Zenye boroni ni nzuri kwa mbao za ndani na za paa, lakini huoshwa na mvua, hivyo kwa kisigino cha benchi hazina maisha. Vaa glavu, na uiache ikauke siku kadhaa kabla ya kupaka kitu kingine juu yake.

Halafu ondoa samani kwenye majani. Najua bustani inapendeza benchi likiwa katikati ya nyasi, ila nyasi zinashika umande mpaka saa nne asubuhi, udongo unapandisha unyevu, na mchwa hawahitaji mwaliko. Mwaga kokoto kina cha kidole kirefu mahali meza inapokaa, au weka chini ya kila mguu kipande cha jiwe bapa au tofali la kuchoma. Hata vigae vilivyobaki ujenzi vinatosha, mradi maji hayatuami juu yake. Kwa samani ya paini hii ni kinga kubwa kuliko kopo lolote nitakalolitaja hapa chini, na wewe Uyole unaweza kuifanya Jumamosi moja bila kumwita mtu.

Ukiwa bado umeigeuza, angalia maungio. Kama gundi ni ile nyeupe ya kawaida, kazi ya nje haiiwezi: inalainika ikilowa, na kiungo kilichoanza kucheza kinafungua ufa wa kuingizia maji. Kipigwe upya kwa gundi isiyoogopa maji au kikazwe kwa boliti. Misumari na skrubu za chuma kitupu zitoe ukiweza, uweke za zinki au za stenlesi; kutu inapanua tundu na kula mbao inayolizunguka. Na kama uso wa meza umeunganishwa ukawa ubao mmoja mpana bila nafasi, mwambie fundi auachanishe, kila ubao uachane na mwenzake kwa milimita 5 hivi. Meza ya bustani isiyo na nafasi ni sinia la maji. Nikiruhusiwa kusema zaidi, kiti cha nje kisichomwaga maji hakikupaswa kutoka kwenye karakana.

Vanishi iliyobaki yote itoke. Ile iliyoshika vizuri nayo itoke, vinginevyo utakuwa na mabaka. Kwangua kwanza, kisha msasa namba 80, umalizie 120, ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Usiende kwenye namba laini zaidi ukitafuta ulaini wa kabati la sebuleni. Mbao ya nje ikiwa laini mno haishiki mafuta. Ukiona vumbi lina ukijani, mbao zako zilipigwa dawa ya kiwandani, na nyingi ya dawa hizo huwa na shaba, kromu na aseniki. Vaa barakoa, fanyia kazi nje, lowesha chini kabla ya kufagia, na vipande utakavyokata visiingie jikoni kuwashia moto hata kidogo. Moshi na majivu yake ni sumu.

Weusi utakaobaki baada ya msasa ni kuvu wa juu. Changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo vinne, paka kwa brashi, subiri dakika 15, sugua, suuza kwa maji mengi. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo, hewa yake inaua. Funika maua yaliyo karibu. Kukiwa na alama nyeusi kuzunguka misumari tu, hiyo ni kutu na jiki haiiondoi. Itapungua kwa msasa, au uivumilie.

Kuhusu wakati, huku nyanda za juu kalenda ndiyo inayoamua. Mei mbao bado imejaa maji ya masika. Juni na Julai ni kavu, lakini alfajiri Uyole hushuka chini ya nyuzi 10, sehemu za mabondeni sakitu inaanguka, na mafuta yaliyopakwa kwenye mbao ya baridi hulala tu juu bila kukauka. Mwisho wa Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba ndipo pazuri. Anza umande ukishakauka, saa nne hivi, na uache kupaka kufikia saa tisa alasiri ili pakauke kabla umande wa usiku haujashuka. Siku ya upepo wa vumbi ahirisha. Ndugu zetu wa Tukuyu, wanaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wao hudokoa siku tatu kavu mfululizo popote zinapojitokeza. Iringa mjini, ambako haifiki hata nusu ya hizo, mtu anaweza kujipangia kwa raha.

Upake nini? Mafuta ya mbao za nje yanayopenya ndani, yenye rangi kidogo ya kahawia, na yenye dawa ya kuvu. Rangi si ya urembo. Chembe zake ndizo zinazozuia jua, na mafuta meupe kabisa yatakuangusha kama vanishi, ila yenyewe hayatabambuka. Hiyo ndiyo sababu ninayapenda: yakichoka, yanafifia tu, unaosha, unapaka tena, bila kukwangua. Koti ya kwanza yachanganye na tapentaini kidogo yapenye, subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa kwa kitambaa yote ambayo mbao imeyakataa. Watu huona ni hasara kufuta. Usipofuta yanaganda yakawa ulimbo, na sketi ya mgeni wako itabaki benchini. Paka chini ya ubao na pande zote, si juu tu, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja hukunjamana. Kwenye ncha zilizokatwa rudia mpaka zikatae kunywa.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa madukani kwa bei nafuu, yanafaa kwa hali ya hewa kavu, lakini yenyewe ni chakula cha kuvu. Iringa ningeyatumia. Uyole ningesita. Rungwe na kule Mufindi kwenye ukungu wa kila asubuhi, meza ingekuwa nyeusi kabla ya Krismasi. Mafuta ya alizeti ya mwanao ni ya kupikia tu: hayakauki vizuri, yanabaki kunata, yanakusanya vumbi na kuvu. Ni mazuri kwa ubao wa kukatia mboga unaooshwa kila siku? Hata huko sipendi, yanavunda.

Oili chafu ya jirani inatokana na mazoea ya nguzo za uzio, na kwenye nguzo naelewa kwa nini watu wanaitumia. Inafukuza maji kwa muda na ni ya bure. Lakini haikauki, ina masizi na mabaki ya metali ya injini, na inapogusa ngozi mara kwa mara ni hatari kwa saratani. Benchi ni kitu cha kukalia, watoto wanalishika kisha wanakula embe. Mvua inaiosha inaingia kwenye udongo, na wewe pengine una mchicha pale. Mwambie jirani asante.

Vitambaa ulivyofutia mafuta usivikunje ukavitupa pembeni ya stoo. Mafuta ya kitani, na mengine yanayokauka kwa namna hiyo, hutoa joto yanapokauka, na ndani ya fundo la kitambaa joto hilo halina pa kwenda. Linapanda mpaka kitambaa kinashika moto chenyewe, bila kiberiti wala sigara, saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Karakana zimeungua hivyo. Kila kitambaa kitandaze peke yake juu ya waya nje mpaka kikakamae, au kiloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kukitupa. Mwambie na fundi; wengi hawajui, wanaona moto "umetokea kwenye umeme".

Ukitaka rangi ya mafuta ya kawaida, ile isiyoonyesha mbao, kwa paini si wazo baya. Inazuia jua kuliko kitu kingine chochote. Ila paka rangi ya kwanza ya kushikia pande zote, na ujue kwamba siku ikianza kupasuka utarudi kwenye kukwangua.

Sasa benchi la mninga. Kijivu hicho ni jua na mvua vimeondoa rangi ya juu, na ngozi yake haifiki unene wa milimita moja. Chini yake mninga ni uleule mwekundu. Moyo wa mninga ni miongoni mwa mbao zinazodumu sana nje hapa kwetu, na haunywei wala kutanuka ovyo, ndiyo maana maungio ya benchi hilo pengine bado yamekaza wakati la paini la juzi linacheza. Kitu cha kukagua ni vipande vyeupe vya pembeni, ile nyama ya nje ya mti, ambayo haina ulinzi huo na wadudu wanaobungua mbao wanaipenda. Ukiona matundu madogo na unga mwepesi chini yake, pigia dawa hapo. Vinginevyo lioshe kwa maji, sabuni na brashi. Ukitaka wekundu urudi, msasa 120 kwa mkono na mafuta yaleyale, kila mwaka. Vumbi la mninga huwasha kifua, kwa hiyo funga barakoa. Nikiwa mimi ningeliacha kijivu. Vanishi usiruhusu mtu yeyote aliguse.

Turubai: ukilizungushia meza mpaka chini ukafunga kamba, unaipikia kuvu. Unyevu wa ardhini unapanda, unagusa turubai la baridi usiku, unadondoka juu ya mbao. Kama una nafasi barazani, ingiza mabenchi mvua zikianza Novemba, yasiegemee ukuta moja kwa moja. Meza isiyoingia ijengee mwamba katikati, turubai likae mgongo wa paa, liishie juu ya magoti, upepo upite chini. Turubai linalotuamisha maji katikati ni heri lisingekuwepo.

Ukiagiza tena, uliza mbao ina umri gani na imekaushwa vipi. Paini nyingi inayotoka Mafinga na Makambako sasa hivi ni ya miti michanga, iliyokatwa kabla haijakomaa kwa sababu mwenye shamba alihitaji ada ya shule. Mti mchanga una pete pana, unapinda na kunywea zaidi. Ubao wa inchi moja uliopangwa kivulini ukiwa na vijiti katikati unahitaji miezi 2 hadi 3 ya kiangazi kukauka. Fundi anayenunua asubuhi na kukukabidhi benchi Ijumaa amekuuzia maji. Mtiki ungekuwa bora, lakini bei yake unaijua. Mkaratusi ni mgumu, ila hupasuka sana, na ule mchanga si mdumu kama watu wanavyodai. Nyufa nyembamba za kufuata nyuzi, kwenye mbao yoyote, usizizibe. Kinachozibwa hushika maji.

Mwakani, mwezi Agosti, nyunyizia matone ya maji juu ya ubao. Yakisimama, huna kazi. Yakizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, osha na upake koti moja. Na kiangazi cha mwaka huu kikikuishia katikati ya kazi, uso wa meza uache bila kitu, mtupu, baada ya kukwangua vanishi. Maliza miguu, maungio na kokoto kabla ya Novemba. Meza iliyoachwa mtupu itakuwa na sura mbaya hadi Agosti, lakini itakuwepo, na utaipaka mafuta mwakani ikiwa imekauka.